Hali Ngumu ya Uchumi Isimfanye Mnyonge wa Yaeda Chini Alipe Mara Mbili

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya semina ya viongozi wa matawi na watendaji wa vijiji. Tunayachapisha karibu yote, kwa kuwa tunaamini yanawahusu viongozi wengi zaidi ya wale waliokuwamo ukumbini.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa Serikali kwa jamii zilizoachwa nyuma wakati uchumi unapokuwa mgumu. Mada hiyo ni kubwa, na mtu akitaka anaweza kuizungumza kutwa nzima bila kutaja kijiji hata kimoja. Mimi sitafanya hivyo. Nitazungumza juu ya mahali pamoja, Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, na juu ya watu wachache sana wanaoishi katika bonde lile, yaani Wahadzabe. Ninaamini kwamba siasa ya nchi hupimwa vizuri zaidi pale inapomfikia mtu wa mwisho katika mstari. Ikiwa imemfikia salama, basi wa mbele yake nao watakuwa salama. Ikiwa imemwumiza, hatuna budi kujiuliza tumekosea wapi.

Wahadzabe hawafiki elfu mbili. Majirani wamezoea kuwaita Watindiga, lakini wenyewe hujiita Wahadzabe. Wanaishi katika bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, na wengi wao hadi leo hupata sehemu ya chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi, na kukusanya matunda ya porini na ubuyu. Majirani zao ni Wadatoga ambao ni wafugaji, Wairaqw ambao ni wakulima na wafugaji, na Waisanzu upande wa kusini. Hawa wote ni wananchi wa Tanzania, na hakuna hata mmoja kati yao aliye tajiri. Ningependa jambo hilo likumbukwe tangu mwanzo, ili mtu asije akadhani kwamba nimekuja hapa kulitetea kabila moja dhidi ya jingine.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kuwakosoa wengine ni haki nijikosoe mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya uandishi, nilifuatana na msafara wa viongozi kwenda kukabidhi bweni jipya katika shule moja ya msingi ya ukanda ule. Bweni lilikuwa zuri. Mabati yalimeta, magodoro yalikuwa bado ndani ya nailoni, na watoto walipangwa mstari wakiwa wamevaa sare mpya. Niliwapiga picha. Jioni ile ile niliandika habari yenye kichwa cha maneno kilichosema kwamba Wahadzabe wameaga pori. Mhariri wangu alifurahi, nami nilifurahi zaidi.

Miezi miwili baadaye nilipita tena njia ile kwa shughuli nyingine. Bweni lilikuwapo, mabati yalikuwapo, lakini watoto wengi wa Kihadzabe hawakuwapo. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu mwema na aliyechoka, alinieleza kwamba unga na maharage yalikwisha, aliyekuwa akileta chakula hakuwa amelipwa, na watoto walianza kuondoka mmoja mmoja, kisha wakaondoka wengi kwa pamoja, wakatembea usiku kurudi kwa wazazi wao.

Nilikwenda mpaka kambini. Nikamwamkia mzee mmoja, akaitikia, tukakaa chini ya mbuyu. Nikamwuliza kwa nini wamewaruhusu watoto kuacha shule. Akaniangalia kwa muda, kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mwanangu, wewe ukikosa chakula hapa kwetu leo, utarudi kwenu. Na huyu amekosa chakula kule, amerudi kwao. Unashangaa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu mabati na magodoro, sikuhesabu chakula. Niliandika kwamba jambo limekwisha siku ile ile lilipoanza. Ndugu zangu, sisi waandishi hufanya kosa hili mara nyingi, lakini si letu peke yetu. Taarifa nyingi za maendeleo zinazotoka vijijini huandikwa kwa namna hiyo hiyo.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI

Juhudi za kuwatuliza Wahadzabe mahali pamoja hazikuanza jana. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijaribu mwaka 1927, ikajaribu tena mwaka 1939, na mara zote mbili ikashindwa. Mkoloni hatuna haja ya kumjadili sana. Alitaka watu wakae mahali ambapo ataweza kuwahesabu na kuwatoza kodi.

Lakini baada ya Uhuru, sisi wenyewe, kwa nia njema kabisa, tulifanya jambo linalofanana na hilo. Katika miaka ya 1964 na 1965 Wahadzabe walikusanywa na kuletwa Yaeda Chini, baadhi yao kwa malori na chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Walijengewa makazi, wakaahidiwa shule na tiba, wakagawiwa chakula, wakafundishwa kilimo. Nia ilikuwa kumtoa mtu katika unyonge. Matokeo yake yalikuwa nini? Watu waliozoea kuishi makundi madogo madogo, wakihama kila baada ya wiki chache, walijikuta wamerundikana mahali pamoja. Maradhi ya kuambukiza yakawaingia, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Mwaka 1979 ikafuata jitihada nyingine huko Mongo wa Mono, na mwaka 1988 nyingine tena huko Endamagha. Kila mara hadithi ilikuwa karibu ile ile: chakula cha msaada kilipokuwapo watu walikuwapo, na chakula kilipokwisha watu wakaenda mahali ambapo chakula hakiishi.

Kuna ushahidi mmoja ambao kila kiongozi wa ukanda huu angepaswa kuujua. Mwaka 1962, yaani miaka miwili tu kabla ya kazi ile ya kuwakusanya kuanza, madaktari waliowapima watoto wa Kihadzabe porini walichapisha taarifa kwamba hali ya lishe ya watoto wale ilikuwa nzuri. Hawakukuta utapiamlo mkubwa uliokuwa ukiwasumbua watoto wa vijiji vingi vya wakati ule. Tuliwatoa mahali walipokuwa wakishiba, tukawaleta mahali walipougua, kisha tukasema kwamba hawataki maendeleo!

Ndugu Mwenyekiti, siyasemi haya kwa kuwadharau wazee wetu waliokuwa madarakani wakati ule. Walikuwa na nchi changa, maskini, yenye maadui watatu waliotajwa tangu siku ya kwanza: ujinga, maradhi na umaskini. Ninayasema kwa sababu Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika kuamua na kutenda. Fundisho lile lilitangulia kuandikwa kabla ya makosa yetu mengi. Hatukukosa mwongozo. Tulikosa subira ya kuufuata.

WAKATI WA DHIKI NDIPO MAKOSA HUZIDI

Sasa nije kwenye kiini cha mada. Kwa nini ninasema kwamba hali ngumu ya uchumi humwumiza mnyonge mara mbili?

Wote tunaijua historia ya miaka ile. Bei ya mafuta ilipanda vikali mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Ukame wa mwaka 1974 ulitulazimisha kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni tulizokuwa nazo chache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin alituvamia Kagera, tukalazimika kupigana vita iliyotugharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola za Kimarekani milioni 500. Mwaka 1981 tukatangaza mpango wa kuunusuru uchumi, na mwaka 1986 tukatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Baada ya hapo zikaja zama za kubana matumizi na kuchangia gharama, na mzazi aliyekuwa akimpeleka mtoto shuleni au hospitalini bila malipo akaanza kudaiwa michango.

Katika hali ya namna hiyo Serikali yoyote duniani hufanya mambo mawili. La kwanza, hupunguza matumizi. La pili, hutafuta njia ya haraka ya kuongeza uzalishaji. Yote mawili ni ya lazima. Lakini yote mawili, yasipoangaliwa, humwangukia mtu yule yule.

Tuchukue mfano wa jirani kabisa, katika Wilaya ya Hanang'. Nchi ilihitaji ngano ili isitumie fedha za kigeni kununua mkate. Kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano huko Basotu na maeneo ya jirani. Kufikia miaka ya 1980 yalikuwa mashamba saba, na ardhi iliyochukuliwa ilikaribia ekari 100,000. Ngano ilipatikana, hakuna anayebisha. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho bora kuliko yote waliyokuwa nayo. Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini hukumu hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

Mfugaji aliyenyang'anywa malisho hawezi kuwaambia ng'ombe wake wasile. Hutafuta kwingine. Na bonde la Yaeda liko jirani. Ng'ombe wakiingia, maji ya visima vya asili hupungua, wanyama wa porini hukimbia, na majani ya mizizi inayochimbwa na kina mama hukanyagwa. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa kwa ajili ya mkate wa mjini hupita kwa mfugaji wa Hanang', na mwisho humfikia mama wa Kihadzabe ambaye hajawahi hata kuuona mkate huo. Mfugaji hakumwonea kwa kupenda. Na yeye alionewa. Hivi ndivyo mzigo unavyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka ukamkuta yule ambaye hana mtu mwingine chini yake wa kumbebesha.

HESABU AMBAYO HATUIFANYI

Mtaniuliza: je, Serikali yenye fedha kidogo ifanye nini? Ipeleke zahanati na shule nyuma ya kila kundi la watu ishirini wanaohamahama? Swali hilo ni la haki. Watu wakikaa pamoja, mwalimu mmoja na mganga mmoja huwatosha wengi. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tuhamie vijijini katika miaka ya 1970, na kwa sehemu nyingi za nchi ilikuwa na mantiki yake.

Lakini hesabu ile ina upande mmoja uliosahauliwa. Tunahesabu gharama ya kumfikia mtu, hatuhesabu thamani ya kile anachojipatia mwenyewe. Asali anayorina Mhadzabe, mizizi anayochimba mkewe, ubuyu wanaousaga watoto, nyama wanayogawana kambini, vyote hivyo havimo katika kitabu chochote cha mapato ya Taifa. Na kwa kuwa havimo kitabuni, tunadhani havipo. Mwaka 1983 tulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi iliyomtaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika. Shabaha yake ilikuwa wazururaji wa mijini. Lakini jiulize: mtu anayeondoka alfajiri na upinde, akapanda mbuyu kwa mambo za miti, akavumilia nyuki na kurudi jioni na asali ya kulisha watu kumi, je, huyo ana kazi au hana?

Tukimtoa mtu huyo katika ardhi yake kwa kisingizio cha kumwendeleza, tunakuwa tumegeuza mtu aliyejilisha mwenyewe kuwa mtu anayesubiri gunia. Gunia lile lazima Serikali ilinunue mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata. Uchumi ukitetereka, gunia litakuwa la kwanza kukatwa. Wakati huo pori nalo litakuwa limekwisha kufyekwa. Hapo ndipo mnyonge anapolipa mara mbili: analipa kwa ardhi wakati wa kuendelezwa, na analipa kwa njaa wakati wa kubana matumizi.

Kwa hiyo ninasema, tena ninasema kama mkereketwa wa siasa ya Kujitegemea, kwamba katika wakati wa dhiki sera iliyo rahisi kuliko zote ni kumlindia mnyonge kile alichonacho. Kulinda hakuhitaji saruji wala mabati. Kunahitaji sheria, na viongozi wenye uthabiti wa kuisimamia.

YALIYOFANYIKA VIZURI

Ndugu Mwenyekiti, nisingetenda haki nikitaja makosa peke yake. Yapo mema, na ni wajibu wetu kuyasema.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilitoa nafasi kwa ardhi inayomilikiwa kimila kupewa hati. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji yenye mtaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa nafasi ya kuwinda katika bonde la Yaeda. Wahadzabe wakapinga, sauti zao zikasikika ndani na nje ya nchi, na kampuni ile ikajitoa mwaka huo huo. Kisha, mwezi Oktoba 2011, Wahadzabe wa Yaeda walikabidhiwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya zaidi ya hekta 20,000. Hati ile haikutolewa kwa mtu mmoja, ambaye angeweza kuiuza akiwa na shida, bali kwa kundi. Mimi naiona kuwa ni moja ya hatua za kijamaa kabisa zilizochukuliwa katika nchi hii katika karne hii, ingawa wachache waliiita kwa jina hilo.

Hali kadhalika, kutokana na kuulinda msitu, wananchi wa bonde lile wamekuwa wakipata fedha za hewa ya ukaa, na vijiji vimezitumia kwa walinzi wa msitu, tiba na masomo ya watoto. Nao Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, uliingia katika awamu ya tatu mwaka 2012 na kuanza kutoa ruzuku kwa kaya maskini, kwa sharti kwamba watoto wapelekwe shule na kliniki. Mwaka 2016 ada ya elimu ya sekondari ya kawaida iliondolewa.

Aidha, tusisahau mwaka 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoifunga dunia, watalii waliokuja nchini walipungua kutoka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019 hadi kiasi cha laki sita. Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 7.0 hadi 4.8. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, iliutumia katika mpango wa shilingi trilioni 1.3, na miongoni mwa madarasa 15,000 yaliyopangwa kujengwa, 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi, yaani shule ndogo ndogo za kuwafuata watoto wanaoishi mbali. Huo ni mfano wa Serikali inayobanwa lakini inayomkumbuka aliye mbali. Linganisheni na miaka ya baada ya 1986, ambapo dhiki ilimaanisha mtoto wa mbali kuachwa hukohuko.

MAMBO MANNE

Kutokana na hayo nina mambo manne ya kuwaomba viongozi wenzangu. Hayahitaji bajeti kubwa.

La kwanza ni ardhi. Hati ya mwaka 2011 na mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji iheshimiwe na kila mmoja, hasa na sisi viongozi. Pori haliishi kwa siku moja. Leo mtu huomba nusu ekari ya mahindi, kesho ndugu yake naye huomba, keshokutwa huja mwenye trekta. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kiongozi wa kijiji anayefumba macho kwa shamba moja lililo nje ya mpango asidhani ametoa nusu ekari tu, kwani amekwisha kuonyesha kwamba mpaka unaweza kurukwa.

La pili ni chakula cha shule. Mtoto wa Kihadzabe hasomi kutoka nyumbani kama mtoto wa Dongobesh au wa Haydom. Anahitaji bweni, na bweni bila chakula ni ghala tupu. Ninaomba kila mradi wa bweni katika maeneo ya namna hii usikabidhiwe mpaka itajwe wazi nani atalisha, kwa fedha gani, na kwa muda gani. Ikibidi tujenge bweni dogo lenye chakula mwaka mzima badala ya kubwa lenye chakula cha mwezi mmoja, basi tujenge dogo. Na wazazi waruhusiwe kuleta asali, ubuyu na matunda yao kama mchango wao, maana hicho ni chakula, tena chakula kizuri.

La tatu ni namna ya kuwafikia. Ruzuku ya kaya maskini ikilipwa kwa simu mahali pasipo mtandao, au kwa siku moja tu kijijini wakati watu wako kambini msimu wa asali, atakayekosa ni yule yule aliyekusudiwa. Vivyo hivyo sharti la kliniki: kabla ya kumkata mama ruzuku kwa kutofika kliniki, kwanza ijulikane kama kliniki ilimfikia. Chanjo na huduma ya mama na mtoto zifuate makambi kwa ratiba inayojulikana. Masharti yawe ya pande zote mbili.

La nne ni sauti. Mhadzabe ni mchache hata katika kata yake mwenyewe. Kura zikipigwa kwa kunyoosha mikono, siku zote atashindwa. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini hata aliyekuwepo, lake halipo ikiwa mkutano unaendeshwa haraka, kwa lugha ya makaratasi, na uamuzi umekwisha kupitishwa jana yake. Ninaomba kwamba jambo lolote linalohusu ardhi ile lisiamuliwe mpaka wenyewe wameelezwa kwa lugha wanayoielewa, wamepewa siku za kwenda kushauriana kwa desturi yao, na wamerudi na jibu. Demokrasia haina maana ya wengi kumla mchache.

HOJA ZA WANAOPINGA

Najua kuna ndugu watakaosema: je, unataka hawa wabaki porini milele ili wazungu waje kuwapiga picha? La, sitaki hivyo. Na wala wao hawataki. Wapo vijana wa Kihadzabe waliosoma. Wapo wanaotaka kulima, wapo wenye simu, wapo walioajiriwa kulinda msitu. Mtu ana haki ya kuacha upinde ikiwa ameamua mwenyewe kuuacha. Kisicho haki ni kumnyang'anya pori ili asiwe na la kuamua. Anayemweka Mhadzabe katika kibanda cha maonyesho na anayemfukuza porini kwa malori, wote wawili wanafanana kwa jambo moja: hawakumwuliza.

Wengine watasema kwamba hewa ya ukaa na utalii vinatosha, Serikali sasa ipumzike. Na hilo nalo nalikataa. Bei ya hewa ya ukaa hupangwa na wanunuzi wa nchi za mbali. Watalii tuliona walivyotoweka mwaka 2020 kwa muda wa wiki chache. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, na nchi nyingi zilizozoea dawa na mishahara kutoka huko zikajikuta zimeshika tama. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Fedha za namna hiyo zikija zipokelewe, zitumike vizuri, lakini shule, tiba na ulinzi wa ardhi ni wajibu wa Serikali, na wajibu haukodishwi.

Na wapo watakaosema kwamba watu elfu moja na kitu ni wachache mno katika nchi yenye mamilioni ya wananchi, tena wote wana shida. Kwa hao nitajibu kwa ufupi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza na imani kwamba binadamu wote ni sawa. Halikuweka idadi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie pale nilipoanzia. Mzee yule wa chini ya mbuyu alinisindikiza mpaka njiani siku ile. Tulipoagana aliniuliza kama nitaandika tena habari za shule. Nikasema nitaandika. Akasema, "Basi andika ukisha kula nao." Sikuandika mwaka ule, kwa aibu. Ninayasema leo mbele yenu ili kulipa deni lile, na ili siku nyingine tutakapokaribishwa kukata utepe katika Yaeda Chini, au katika Yaeda Chini nyingine yoyote ya nchi hii, mmoja wetu aulize, kabla ya picha kupigwa: jikoni kuna nini?